Miezi Kumi na Mitatu katika Kliniki ya Uzazi Kisumu: Tathmini ya Huduma ya Manii ya Mchangiaji

Kliniki ninayoitathmini hapa iko katikati ya mji wa Kisumu, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo ambalo chini yake pana duka la dawa na wakala wa pesa za simu, nayo hutoa huduma ambayo zamani mtu wa Vihiga kama mimi angelazimika kuifuata Nairobi. Sitaitaja jina, kwa kuwa mtoto aliyepatikana kwa msaada wake bado hajajua kusema, na sioni haki ya kumtangulizia habari zake kwa majirani. Anayeishi Kisumu na anayetafuta huduma ya aina hii hatapata shida kuipata, na hata akiingia kwenye kliniki nyingine, nadhani mengi ninayoyasema yatamfaa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Tulikuwa tumeoana miaka sita bila mtoto, na katika miaka hiyo yote ni mke wangu aliyepimwa, aliyenyweshwa mitishamba, aliyeombewa na aliyeulizwa maswali na mashangazi kwenye kila matanga. Hakuna aliyeniuliza mimi neno. Huenda lugha yetu yenyewe imechangia: tasa ni mwanamke, na mwanamume asiyezalisha, ingawa lipo neno mgumba, mara nyingi tunamsukumia kwenye neno hanithi, ambalo maana yake ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote na manii yake yakawa hayana mbegu hata moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 inayosema kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la kutopata mimba wakati fulani maishani, na madaktari wanajua kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mume una mchango wake. Tulipoingia kliniki mwezi wa Februari 2023, jambo la kwanza ambalo daktari alilifanya, na ambalo nampongeza kwalo, ni kutupima wote wawili siku hiyo hiyo.

Kipimo cha manii kilirudi bila mbegu. Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini kinachohesabika kuwa cha kawaida ni mbegu milioni 16 katika kila mililita, nami nilikuwa na sifuri. Daktari hakuniandikia dawa yoyote wala hakunihukumu kwa karatasi moja. Alieleza kwamba mwili huchukua miezi miwili na zaidi kutengeneza mbegu hadi zikomae, kwa hiyo homa kali ya juzi huweza kuharibu majibu ya leo, akaniambia nirudi baada ya majuma kumi na mawili. Mara ya pili sampuli ilizungushwa katika mashine ili kama kuna mbegu chache zijikusanye chini, na bado hazikuonekana. Vipimo vya homoni vikafuata, kisha swali ambalo sikulitarajia: je, nilipokuwa kijana niliwahi kuugua matumbwitumbwi? Niliugua nikiwa kidato cha pili, mashavu yakavimba, kisha korodani zikavimba, nikalala bwenini wiki nzima nikiona haya kumweleza yeyote. Ugonjwa huo ukimpata mvulana aliyekwisha kubalehe huweza kuharibu korodani zote mbili. Miaka kumi na minane nilikuwa nimebeba jibu hilo bila kujua kuwa ni jibu.

Hapa kliniki ilistahili nyota zote tano. Daktari alituwekea njia tatu mezani, na ile iliyo ghali hakuipamba. Ya kwanza ilikuwa kufanyiwa upasuaji Nairobi ili kutafuta mbegu ndani ya korodani zenyewe, na zikipatikana ziingizwe moja moja kwenye mayai maabarani, gharama ambayo ingezidi mshahara wangu wa mwaka mzima, bila uhakika wa kupata hata mbegu moja. Ya pili ilikuwa kuasili mtoto. Ya tatu ilikuwa manii ya mchangiaji. Alituambia twende nyumbani tukazungumze, na kwamba hatatupokea tena kwa ajili ya njia ya tatu kabla hatujaonana na mshauri nasaha wao mara mbili.

Mapokezi ni habari nyingine. Siku ya kipimo cha pili nilikuwa nimeketi kwenye benchi pamoja na watu wanane hivi, dada wa mapokezi akainua kikombe cha sampuli na kuuliza kwa sauti, "Huyu wa manii yuko wapi?" Nilisimama. Sikuwa na la kufanya. Chumba cha kutolea sampuli kimetenganishwa na dirisha la keshia kwa ubao mwembamba, kiasi kwamba ukiwa ndani unasikia mtu akibishana kuhusu chenji ya shilingi mia mbili, na komeo la mlango lilikuwa limelegea. Mwanamume aliyefika hapo amekwisha kushindana na aibu yake tangu Majengo hadi Kiboswa ndani ya matatu, naye anastahili angalau mlango unaofungika. Nililalamika kwa maandishi. Komeo lilibadilishwa, na siku hizi wanaita namba badala ya kutangaza shida ya mtu. Ubao ungalipo.

Mshauri nasaha ni mama wa makamo aliyekuwa muuguzi, na ndiye mtu ambaye kwa ajili yake ningewashauri wengine waende huko. Kikao cha kwanza nilikwenda nikiwa na mpango wangu: tufanye kimya, mtoto azaliwe, kisha mambo yaishe. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Sawa, Mwalimu. Sasa niambie, mtoto akifika darasa la nane, wafundishwe makundi ya damu, aje nyumbani akuulize kwa nini lake halipatani na lako, utamwambia mwalimu wake wa sayansi amekosea?" Sikuwa na jibu, na mke wangu aliangalia dirishani.

Mpango wangu haukuwa wa ajabu, kwa kuwa tulikwisha kupokea mwingine unaofanana nao. Baba mdogo, aliposikia fununu, aliniita kando chini ya mparachichi akaniambia, "Mwanangu, ndugu zako watatu wako hapa. Kwani ndugu ni wa nini?" Hakukusudia kunidharau. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, tatizo la mume asiyezalisha lilitatuliwa ndani ya boma, ndugu akasaidia, watu wazima wakajua na kunyamaza, na mtoto akawa wa mwenye mji. Wanandi, Wakuria na Wakisii wana hata desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumtolea mahari mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, na aliyeleta mbegu hakuwa na dai lolote. Kwa hiyo anayesema kwamba kumpata mtoto kwa mbegu ya mtu mwingine ni jambo la Wazungu hajakaa na wazee vya kutosha. Kilichobadilika ni kwamba zamani angalau mtu mmoja kijijini alijua ni nani aliyesaidia. Nilimshukuru baba mdogo nikakataa, kwa sababu tatu ambazo sikumtajia zote, na ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito: ningemwona ndugu yangu kwenye uso wa mtoto kila Krismasi, naye angejiona.

Tulipokubaliana, tulipewa karatasi za wachangiaji wanne. Manii ya kliniki hii hutoka katika benki iliyoko Nairobi. Kila karatasi ilionyesha umri, kimo, kundi la damu, rangi ya ngozi, kabila, kiwango cha elimu na mambo ayapendayo. Mmoja alipenda mpira wa vikapu na kusoma Biblia. Nilisoma karatasi hizo nikiwa na hisia za mtu anayechagua mbuzi sokoni Luanda, nikajichukia kidogo, kisha nikaendelea kusoma. Tulielezwa kwamba kila mchangiaji hupimwa virusi vya HIV, homa ya ini ya aina ya B na C, kaswende, kisonono na klamidia, na kwamba manii yake hugandishwa na kuwekwa kando kwa siku 180, hadi mwenyewe arudi apimwe tena, ndipo yaruhusiwe kutumika. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa mtu aliyeambukizwa juzi huweza kupimwa leo na kuonekana mzima, na katika kaunti za pembezoni mwa ziwa, ambako maambukizi ya HIV yamekuwa juu kuliko sehemu nyingi za nchi, hakuna anayehitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini karatasi hazikusema lolote kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mke wangu anabeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua, na hilo tulilijua tangu kitambo kwa kuwa dada yake alimzika mtoto wa miaka minne. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye watu wengi walio na hali hiyo, kwa sababu ile ile iliyoifanya idumu: chembe moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ilhali chembe mbili humletea ugonjwa wenyewe. Mama mwenye chembe moja akikutanishwa na mchangiaji mwenye chembe moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Karatasi iliyoweza kuniambia kwamba mtu anapenda mpira wa vikapu haikuniambia hilo. Tulipouliza, daktari alikiri kuwa swali lilikuwa la haki, akapiga simu Nairobi, na baada ya siku mbili tukaambiwa kwamba wawili kati ya wale wanne wana damu isiyo na chembe hiyo, mmoja anayo, na wa nne hakuwahi kupimwa. Kwa kliniki iliyopo Kisumu, hili halikupaswa kusubiri mgonjwa alikumbushe. Ningependa kila anayekwenda huko alitangulize kabla hata ya kuuliza kimo.

Maabara ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Fundi mkuu ni dada kijana asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza ya upandikizaji alitufungulia mlango, akatuonyesha mtungi wa chuma ambao ndani yake naitrojeni ya kimiminika hukaa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mvuke mweupe ukamwagika sakafuni kama ukungu wa asubuhi kule Kakamega. Nilimuuliza kwa nini mbegu hazipasuki kwa baridi hiyo kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Alisema siri ni gliseroli, umajimaji mzito ambao huzuia maji yaliyomo ndani ya mbegu yasigeuke vipande vikali vya barafu; watafiti wa Uingereza waliligundua jambo hilo mwaka 1949 walipokuwa wakishughulikia mbegu za jogoo, na kufikia mwaka 1953 huko Iowa, Marekani, mimba za kwanza za binadamu zilikuwa zimepatikana kwa mbegu zilizogandishwa. Zikitunzwa vizuri, zimewahi kuzaa watoto baada ya zaidi ya miaka 20.

Kisha alitoa mrija mwembamba wenye rangi ya njano, akasoma namba yake kwa sauti, mwenzake akaisoma tena kutoka kwenye fomu, mke wangu akaisoma mara ya tatu na kutia sahihi. Hakuna kilichoendelea kabla namba hiyo haijasomwa na watu watatu. Baada ya kuyeyusha, aliweka tone chini ya hadubini na kuniambia niangalie. Kwenye tone langu, miezi kadhaa kabla, nilikuwa nimeona uwanja mtupu wenye vumbi vumbi. Hapa palikuwa na msongamano kama wa stendi ya Kisumu siku ya mkesha wa Krismasi, kila mmoja akikimbilia upande wake. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yule dada alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Upandikizaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia: mke wangu alifuatiliwa kwa picha za ultrasaundi hadi yai lilipokaribia kupevuka, akachomwa sindano ya kulipevusha, na baada ya saa 36 hivi mbegu zilizosafishwa zikapitishwa kwa mrija laini hadi kwenye mji wa mimba. Ilichukua dakika chache, naye alisema uchunguzi wa mlango wa kizazi huuma zaidi. Alilala kidogo, tukashuka, tukala samaki, tukapanda matatu.

Mara ya kwanza haikushika, ya pili pia. Daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba hata kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 mwenye mirija iliyo wazi, mizunguko mingi hupita bila mimba, na alikataa kutupa asilimia ya kujifariji. Mimba ilishika mara ya tatu, mapema mwaka 2024. Binti yetu alizaliwa mwishoni mwa mwaka huo, uzito wa kilo 3.1, akiwa na sauti kubwa isiyo ya mtu yeyote tunayemjua.

Kuhusu fedha, nimehifadhi risiti zote. Vipimo vyangu viwili vya manii, vipimo vya homoni na picha ya mirija ya mke wangu vilitugharimu shilingi 17,500. Kila mzunguko ulikuwa shilingi 68,000, yaani 30,000 za mrija wa manii na 38,000 za dawa, ultrasaundi na upandikizaji, kwa hiyo mizunguko mitatu ilifika 204,000. Kumwona daktari mara sita kulikula 18,000. Jumla ni 239,500, na bima yetu haikulipa hata senti. Nililipa kwa mkopo wa SACCO ambao bado naukatwa. Vikao vya mshauri nasaha vilikuwa vya bure, nami nastaajabu kwamba ndivyo vilivyokuwa na thamani zaidi. Nje ya jumla hiyo, katika mzunguko wa tatu tuliongezewa shilingi 12,000 za kusafirisha mtungi kutoka Nairobi, ada ambayo haikuwamo katika orodha tuliyopewa mwanzoni, na tuliambiwa habari zake asubuhi ya siku yenyewe, mke wangu akiwa amekwisha kuchomwa sindano. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kukataa, na anayetoza anajua hivyo. Kwa hilo peke yake naondoa nyota nzima.

Nyota nyingine nusu naiondoa kwa jambo ambalo sikulijali nilipoingia, na ambalo sasa nalifikiria kila ninapombeba mtoto. Niliuliza maswali mawili: mchangiaji wetu amesaidia familia ngapi, na faili litatunzwa hadi lini? Kuhusu la kwanza, niliambiwa kuna kikomo, lakini sikuonyeshwa kimeandikwa wapi. Uingereza kikomo ni familia 10, na tangu Aprili 2005 mchangiaji wa huko hukubali kwamba mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kupewa jina lake. Sweden ilianza utaratibu wa namna hiyo miaka ya themanini. Pasipo na mkono wa sheria mambo huharibika hata Ulaya: mwezi wa Aprili 2023 mahakama ya The Hague, Uholanzi, ilimzuia mwanamume mmoja kuendelea kuchangia baada ya kubainika kuwa alikuwa amezaa zaidi ya watoto 500. Hapa kwetu, Mheshimiwa Millie Odhiambo, mbunge wa kutoka Homa Bay, alipeleka Bungeni mswada wa kwanza wa mambo haya mwaka 2014, na mswada umerudi humo zaidi ya mara moja. Mimi mwenyewe sina hofu ya kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi humhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume, na mimi nilitia sahihi fomu ya ridhaa nikiwa na akili zangu timamu. Hofu yangu ni ya mtoto. Magharibi mwa Kenya ni padogo. Wachangiaji wengi ni vijana wa vyuo, watoto watakaozaliwa watasoma shule zile zile, watakutana kwenye michezo ya kaunti na harusi za binamu, na kabila lililoandikwa kwenye karatasi ile ndilo tulilolichagua makusudi ili mtoto afanane na kwetu. Tumejiongezea wenyewe uwezekano wa ndugu kukutana bila kujuana.

Kuhusu faili, niliambiwa litatunzwa "kwa muda wa kutosha". Mshauri nasaha, aliposikia jibu hilo, aliingia ofisini akarudi na karatasi yenye mhuri, iliyoandikwa namba ya mchangiaji, jina la benki na tarehe ya mzunguko uliofanikiwa, akaniambia, "Mwalimu, hii uiweke pamoja na hati ya shamba." Nimeiweka humo.

Je, ningewashauri wengine waende? Ndiyo, kwa ajili ya daktari asiyeuza ndoto, kwa ajili ya maabara na kwa ajili ya yule mama, mradi wadai orodha kamili ya ada kwa maandishi na majibu ya selimundu kabla ya kulipa chochote. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwezi wa Machi niliiandikia kliniki barua nikitaka kujua idadi ya familia, na mwezi wa Juni nikaandika ya pili na kutuma nakala kwa benki ya Nairobi. Kliniki imejibu kwamba swali limepelekwa kwa wahusika; benki bado haijajibu. Majibu yakija, nitayaongeza hapa chini.